Maktaba ya mbegu: namna ya kuianzisha ndani ya maktaba ya umma, Unguja na Pemba

Mama mkubwa aliwahi kunipa chupa ya kunde. Ilikuwa chupa ya maji ya kawaida, kizibo kimezungushiwa kipande cha mfuko, na alinikabidhi kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi amana. Kunde zenyewe zilikuwa ndogo, nyekundu ya kukolea, jicho jeusi. "Hizi kunde za wazee, mwanangu. Mvua ikikatika mapema, hizi hazikutupi." Nikaiweka chupa juu ya kabati, nisubiri masika. Nilipoifungua mwezi wa tatu, kila punje ilikuwa na tundu, unga umetuama chini, fukusi wanatambaa hadi shingoni mwa chupa. Nilirudi kwake na haya usoni kuomba nyingine. Hakuwa nazo. Aliyempa yeye alikwishafariki, na jina la kunde zile hakulijua, kwani kwao zilikuwa "kunde za" yule jirani, basi.

Mwongozo huu nauandika kwa sababu ya chupa ile. Fukusi walikula punje, lakini mbegu yenyewe ilipotea kwa sababu ilikuwa imebaki nyumba moja, haina jina wala tarehe, na mimi niliyepewa sikujua namna ya kuiweka. Sasa tazama kazi ya maktaba ni nini: kukipa kitu jina lake, kuandika kimeingia lini na kimetoka kwa nani, kukiazimisha, kukidai kirudi ili mwengine naye akipate. Mkutubi anaijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote katika mji. Mkulima wa bustani anaihitaji, na mara nyingi hajui kwamba ipo mita mia mbili kutoka sokoni anakouza mchicha wake.

Jambo hili limeshafanywa kwengine. Mwaka 2010, maktaba ya umma ya mji wa Richmond, California, ilianza kuazimisha mbegu: unachukua bahasha, unapanda, unavuna, unarudisha mbegu za mavuno yako. Leo maktaba za namna hiyo ni mamia, na nyingi zimetumia zile droo za zamani za kadi za katalogi, ambazo bahasha ya mbegu hukaa ndani yake kana kwamba zilichongwa kwa ajili hiyo. Huku kwetu tunalo Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, lenye maktaba yake kuu Maisara na tawi Chake Chake kwa upande wa Pemba, na zipo skuli zenye chumba cha vitabu. Popote penye rafu, daftari na mtu wa kufungua mlango, hatua hizi zinawezekana.

Kwanza, waone watu watatu

Usinunue hata bahasha kabla ya kukaa na mkuu wa maktaba, bwana shamba au bibi shamba wa eneo, na sheha.

Mkuu wa maktaba ataogopa vitu viwili, na ana haki: wadudu na panya karibu na vitabu. Mjibu mapema. Mbegu zitakaa kwenye vyombo vya kioo vyenye vifuniko vya kukaza, na hakuna mbegu itakayoingia ndani kabla ya kukaguliwa nje barazani. Andikeni hilo kwenye karatasi, mbandike ukutani.

Bwana shamba ni muhimu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2014, maktaba moja ya Mechanicsburg, Pennsylvania, ilianzisha kabati la mbegu, kisha maofisa wa kilimo wa jimbo wakaja na sheria ya mbegu mkononi, na maktaba ikalazimika kubadilisha utaratibu wake. Hapakuwa na nia mbaya upande wowote. Mazungumzo tu yalichelewa. Kwa hiyo mwende mwanzo. Mwelezeni kwamba mbegu haziuzwi, ni za jirani kwenda kwa jirani, na mwombeni awe ndiye anayekagua zinazoingia mara moja kwa mwezi. Yeye ndiye mlango wenu wa kufika kwa watafiti wa kilimo wa Kizimbani pia, siku mtakapokutana na maradhi msiyoyajua.

Sheha atawaonyesha bibi gani ana mbegu gani. Taarifa hiyo haimo katika kitabu chochote.

Pili, anzeni na vitabu vilivyopo

Kabla ya mbegu, ipangeni rafu. Maktaba nyingi hupanga vitabu kwa namba za Dewey, na mkulima akizijua namba sita tu anajitegemea: 630 ni kilimo kwa jumla, 631 udongo na mbolea, 632 maradhi na wadudu, 633 mazao ya shamba pamoja na viungo, 634 matunda na miti, 635 bustani ya mboga. Ziandikeni kwa kalamu nene, kwa Kiswahili, zibandikwe kwenye rafu yenyewe. Nimeona watu wazima wakisimama mbele ya rafu ile wakaondoka kwa kuona haya kuuliza.

Tatizo ni kwamba vitabu vingi vya 635 vimeandikwa kwa nchi za baridi. Kitabu kinakwambia usubiri barafu iyeyuke. Hapo ndipo maktaba inapotakiwa kutoa kitu chake yenyewe: kalenda kubwa ya ukutani, yenye majira tunayoyaishi. Masika ya Machi hadi Mei. Kipupwe cha Juni hadi Agosti, na mvua za mchoo ndani yake. Vuli ya Oktoba hadi Disemba. Kaskazi na jua lake la Januari na Februari. Acheni nafasi tupu chini ya kila mwezi, na kalamu ining'inie kwa uzi, wakulima waijaze wenyewe. Mmoja ataandika kwamba tungule, yaani nyanya, aatika kitalu mwisho wa masika ahamishe miche mwezi wa sita, kwa sababu mvua kubwa huleta bakajani na majani huungua ndani ya wiki. Wa upande wa maweni, kwenye udongo wa kuokoteza baina ya mawe, ataandika tofauti na wa bondeni mwenye udongo mzito, na tofauti hiyo ndiyo tunayoitaka.

Kama maktaba yenu inacho kitabu cha R. O. Williams cha mwaka 1949 kuhusu mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba, kitunzeni kwenye rafu ya kusomea humo humo, kisiazimwe. Ni cha Kiingereza, lakini mtu akikaa na mkutubi kwa nusu saa hupata mengi.

Tatu, chagueni mbegu chache na mjue za kukataa

Hamu ya mwanzo ni kupokea kila kitu. Msifanye hivyo. Msimu wa kwanza chukueni aina tano: kunde, choroko, tungule, bamia na mchicha.

Kunde, choroko na tungule zimo kwa sababu ua lake hujichavusha lenyewe. Ukipanda tungule za aina mbili jirani, mara nyingi kila moja itazaa mbegu iliyo sawa na mama yake. Mkulima anayeanza hakosei sana. Bamia hutembelewa na nyuki kwa hiyo huchanganyika kidogo. Pandeni aina moja tu kwa konde. Mchicha poleni yake, yaani ule unga wa ua dume, hupeperushwa na upepo, kwa hiyo chukueni mbegu kwenye mashina kumi au zaidi yaliyostawi na msitegemee shina moja zuri.

Maboga na matango yasubiri msimu wa pili, maana nyuki huyachanganya hasa. Mwenye hamu afanye hivi. Jioni, atafute ua jike la boga ambalo kesho litafunguka. Utalijua kwa kiboga kidogo kilicho chini yake. Alifunge ncha kwa uzi lisifunguke. Afunge na ua dume la aina ileile. Alfajiri achume ua dume, aling'oe mapetali, afungue ua jike, apake poleni ndani kwa upole, kisha alifunge tena. Afunge uzi mwekundu kwenye kikonyo ili watoto wasilichume kwa ajili ya mchuzi. Boga hilo mbegu zake ni safi.

Za kukataa ni hizi. Mbegu zilizovunwa kwenye chotara, yaani mmea uliozalishwa kwa kuchanganya aina mbili, maana watoto wake hawafanani na mama na mtu atakayezipanda atasema maktaba imemdanganya. Vijiti vya muhogo na machipukizi ya migomba, hata vikiletwa na mtu unayemheshimu: batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo husafiri ndani ya vijiti, na maktaba inaweza kueneza maradhi shehia nzima kwa nia njema. Hayo mwachieni bwana shamba. Na kokwa za shokishoki, doriani, fenesi, embe, au mbegu za mikarafuu, hazifai kabatini hata kidogo. Mbegu za namna hiyo zikikauka zimekufa. Zinataka kupandwa zikiwa mbichi, kwa hiyo wekeni ubao barazani tu: nani ana nini wiki hii.

Nne, kukausha

Hapa kaeni sana. Mbegu nyingi za visiwani hufa kwa unyevu na joto kabla ya kuonana na mdudu. Kuna kanuni inayojulikana kwa jina la Harrington: kila unyevu ulio ndani ya mbegu ukipungua kwa asilimia 1, maisha yake huongezeka maradufu, na kila joto la mahali ilipowekwa likipungua kwa nyuzi 5, vivyo hivyo. Chumba chetu cha kawaida kina joto na hewa ya bahari, yaani mambo yote mawili dhidi yetu. Joto hatuna uwezo nalo sana. Unyevu tunauweza.

Kunde na choroko ziacheni zikaukie shinani mpaka ganda lilie likitikiswa. Zipukuchueni, zipepeteni kwenye ungo, ziondoeni punje zilizosinyaa na zenye madoa. Zianikwe kivulini penye upepo kwa siku kadhaa, juu ya jamvi au ungo, si juu ya bati wala saruji ya mchana, kwa maana joto lile huziua huku kwa macho zinaonekana nzima. Jioni zirudi ndani, umande usizipate.

Tungule ina kazi yake. Chagueni tunda zuri la shina zuri, liive mpaka lilegee. Kamulieni mbegu na utelezi wake kwenye kikombe, ongezeni maji kidogo, mfunike kwa kitambaa, muweke kando siku mbili au tatu. Itachacha, itanuka, juu patafanya utando. Msiogope, kuchacha huko ndiko kunakovua ule ute unaozuia mbegu kuota. Kisha jazeni maji, korogeni, mbegu nzima zitazama na takataka zitaelea. Mwageni za juu, rudieni mpaka maji yawe meupe. Anikeni kwenye sahani ya kauri. Ukianika kwenye karatasi zitaganda na utazibandua na karatasi yake.

Utajuaje zimekauka? Kunde, ziume: jino lisiache alama. Mbegu ya boga, ikunje: ivunjike kwa mlio, isipinde. Mbegu ndogo kama za mchicha zimwagike kati ya vidole bila ya kushikana.

Baada ya hapo kuna njia moja ya bei nafuu ambayo ningependa kila maktaba iijaribu. Chukueni mchele mkavu, mkaange bila mafuta mpaka ubadilike kuwa kahawia, muutie ukiwa bado una moto kwenye chupa ya kioo, mkaze kifuniko upoe humo humo. Ukishapoa, tieni mbegu kwenye kijifuko cha kitambaa, ujazo sawa na mchele, mviweke pamoja ndani ya chupa, mkaze. Mchele utafyonza unyevu uliobaki. Baada ya wiki moja mpaka mbili toeni mbegu, mzitie kwenye chombo chake cha kudumu. Mchele uleule hukaangwa tena na kutumika tena.

Tano, kuhifadhi, na siri ya fukusi

Kwa muda mrefu niliamini fukusi waliingia kwenye chupa ile wakati ipo kwangu. Sivyo. Fukusi wa kunde hutaga mayai kondeni, juu ya maganda, kabla ya mavuno. Mdudu huingia nyumbani akiwa ndani ya punje. Unapoifunga chupa bila kumuua, umemfungia pamoja na chakula chake.

Kwa hiyo kunde na choroko zipitie dawa ya fukusi kabla ya kabati. Penye friza, zitieni zikiwa zimekauka kabisa, kwenye chupa iliyokazwa, zikae wiki moja. Mkizitoa, msifungue mpaka chupa irudi joto la chumba, vinginevyo itatoa jasho ndani. Pasipo friza, tumieni majivu makavu yaliyochungwa, karibu sawa na ujazo wa kunde, yachanganywe sawasawa na tabaka jengine la majivu lifunike juu. Fukusi hawezi kupita humo kutafuta mwenzake. Kabla ya kupanda, mbegu hupepetwa tu.

Kabati likae upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na ukuta unaovuja wakati wa masika.

Mbegu za kitunguu msiziweke zaidi ya mwaka. Tungule na jamii ya maboga, zikiwekwa vizuri, hufika miaka mitatu minne. Kunde ni baina ya hapo.

Sita, kadi

Kama utaruka hatua nyengine zote, hii usiiruke. Kila mbegu inayoingia iwe na kadi, na kadi ijazwe mtu aliyeileta akiwa amekaa mbele yako, siyo baadae.

Andika jina kama anavyolitamka yeye. Akisema tungule andika tungule, hata kama vitabu vinasema nyanya. Andika aina kwa jina la kwao, kisha sura yake: rangi, ukubwa, jicho. Shehia iliyovunwa, na udongo wake kwa maneno yake. Mwezi uliopandwa na mwezi uliovunwa. Kisha uliza swali ambalo watu hujibu kwa furaha: mnaipikaje? Majibu hayo yatakwambia kama ni kunde za majani au za punje, kama bamia yake hukomaa upesi ikawa nyuzi, mambo ambayo mpandaji anayahitaji. Mwisho uliza aliipata kwa nani. Akiwa tayari jina lake liandikwe, liandikwe. Asipotaka, shehia inatosha.

Usimharakishe mzee. Mara ya kwanza nilipokaa na mama mkubwa na daftari nilijaza mistari minne kwa saa nzima, na ile saa ndiyo iliyonionyesha kwamba zile kunde zilikuwa na majirani wengine wawili waliowahi kuchukua, mmoja wao kahamia Unguja.

Bahasha ya mbegu ibebe namba ya kadi, jina, mwezi na mwaka wa kuvunwa. Bahasha ndogo za kaki zinatosha, au za kukunja kwa karatasi ya daftari.

Saba, kuazimisha na kurudisha

Mpe mtu mbegu za kumtosha kitalu kidogo, siyo ekari. Punje thelathini za kunde, kijiko cha chai cha mchicha, mbegu ishirini za tungule. Mwandike kwenye daftari lilelile la wanachama. Mwambie marejesho kwa mdomo na kwa maandishi: ukivuna, rudisha maradufu ya ulichochukua, kutoka mashina yako mazuri uliyoyaacha makusudi bila ya kuyala. Hili la kuacha mashina lisisitizeni. Watu hula vyote vizuri wakabakisha vibovu kwa mbegu, na baada ya misimu mitatu mbegu imedhoofika mikononi mwao.

Asiyerudisha asitozwe faini wala asifungiwe kitabu. Ng'ombe wameingia kondeni, mvua imekatika, mtoto ameumwa. Muulizeni tu kilichotokea, mkiandike kwenye kadi. "Ilikauka mwezi wa nane, maweni, haikupata maji wiki mbili" ni taarifa yenye faida kwa atakayefuata.

Nane, siku ya mbegu barazani

Mara mbili kwa mwaka, wiki chache kabla ya masika na kabla ya vuli, tandikeni jamvi barazani mwa maktaba. Aje kila mwenye mbegu na kila mwenye shida. Bwana shamba awepo, na watu walete majani yenye maradhi ndani ya mfuko uliofungwa, siyo mkononi.

Siku hiyo fanyeni jaribio la kuota mbele ya watu. Hesabuni mbegu kumi kutoka kila chupa ya kabati, zipangeni kwenye kitambaa kibichi, mkikunje, mkiandike jina, mkitie kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa. Kila mtu achukue kitambaa kimoja nyumbani akilowanishe, arudi nacho baada ya siku saba mpaka kumi. Zikiota nane au zaidi, chupa ni nzima. Zikiota tano mpaka saba, mwambie mwazimaji apande mara mbili. Chini ya tano, chupa ile ipandwe yote msimu huohuo na mtu mmoja mwenye mkono wa kilimo, mvune upya kabla haijafa.

Watoto wapewe kazi ya kuhesabu. Wanahesabu kwa uaminifu kuliko sisi, na wanaovifungua vitambaa vile siku ya saba wakakuta mizizi myeupe hawaondoki barazani mpaka wapewe punje zao.

Penye kiwanja, hata mita tatu kwa mbili nyuma ya maktaba, pandeni kila msimu aina moja ya kabati ambayo hakuna aliyeiazima mwaka huo, ili isizeeke ndani ya chupa. Maji ya kunawia yanatosha. Na mbegu itakayotoka hapo iingie kwenye kadi kama nyengine, ikiandikwa mahali ilipovunwa: maktaba.